Kuwanyima Wachezaji Kihariri Hakujaokoa Gemu Yoyote

Likitajwa tu wazo la kampuni ya Bungie kuwapa wachezaji wa Destiny 2 kihariri cha misheni, majibu huja mbio na yote yanafanana. Haiwezekani. Wachezaji watajaza takataka. Watajichotea ngawira. Wataua soko la nyongeza za kulipia. Seva zitaelemewa. Na zaidi ya yote, kutunga ni kazi ya mafundi, mchezaji kazi yake kucheza. Wanaoyasema haya kwa jazba kuliko wote hawalipwi hata senti na kampuni. Ni wachezaji wenyewe, walewale ambao juzi walikuwa wakinung'unika kwamba wameshamaliza kila kitu na sasa wanasubiri msimu ujao.

Nataka kubishana nao, kwa sababu karibu kila moja ya hoja hizo imeshajibiwa na historia ya gemu za risasi, na baadhi ya majibu yalitolewa na Bungie haohao zamani, kabla hawajawa wakubwa.

Kwa asiyeijua, Destiny 2 ni gemu ya kufyatua risasi yenye hadithi ya kubuni ya kisayansi. Ilitoka Septemba 2017, miaka mitatu baada ya ile ya kwanza. Mchezaji ni Guardian, mlinzi aliyefufuliwa kutoka kwa wafu, anayezunguka kwenye sayari na miezi akipambana na Fallen, Hive, Cabal na mashine za Vex. Huchezwa mtandaoni tu. Raha yake imo mikononi: bunduki zake zina uzito, mrudio na mlio ambao washindani wamehangaika miaka mingi kuuiga. Misheni zote hutungwa Bellevue, jimbo la Washington nchini Marekani, na zikiisha mchezaji hurudia zilezile mpaka ziletwe nyingine. Kihariri ninachokitetea kingemruhusu achukue eneo ambalo tayari limejengwa, tuseme mapango ya Hive kule Mwezini, apange nani atokee wapi na lini, mlango upi ufunguke baada ya tukio gani, maandishi gani yamwongoze mgeni, kisha aisambaze kazi yake kwa wenzake.

Nianze na hoja ya utaalamu, maana nyingine zote zimeegemea hapo.

Mwaka 1996 Bungie walikuwa kikundi kidogo cha Chicago kilichotengeneza gemu za kompyuta za Macintosh. Mwaka huo walitoa Marathon Infinity, sehemu ya tatu ya mfululizo wao wa risasi za anga za juu, na ndani yake wakaweka programu mbili: Forge, ya kutengenezea ramani, na Anvil, ya kubadilishia maumbo, sauti na tabia za viumbe na silaha. Hawakumwomba mtu cheti. Mwaka 2000, miezi michache kabla ya kununuliwa na Microsoft, wakaachia pia msimbo wa Marathon 2. Wapenzi wa gemu hiyo wakaushika, wakaanzisha mradi huria wa Aleph One, na hadi leo mradi huo ndio unaoziendesha Marathon zote tatu kwenye kompyuta za kisasa. Mwaka 2024 Marathon ya kwanza, gemu ya 1994, iliwekwa bure kwenye duka la mtandaoni la Steam, ikiendeshwa na kazi ya watu hao ambao Bungie hawajawahi kuwaajiri kwa ajili yake.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba Bungie hawawezi kumwamini mchezaji na vifaa vya utunzi aniambie kwanza kilichobadilika. Mchezaji wa 1996 hakuwa na YouTube ya kumfundisha wala kompyuta yenye nguvu ya simu ya leo, na bado alipewa karakana nzima.

Na Bungie hawakuwa wa kwanza. Doom ilipotoka tarehe 10 Desemba 1993, John Carmack wa id Software alikuwa ameamua kwamba ramani, picha na sauti zikae katika mafaili ya WAD, mbali na injini ya gemu, ili mtu aweze kubadilisha kimoja bila kuvunja kingine. Ndani ya kampuni walikuwemo walioguna, kwa woga uleule tunaousikia leo: tukiwapa, nani atanunua yetu? Wachezaji hawakungoja hata kupewa kihariri. Walichambua muundo wa mafaili hayo wao wenyewe, na 1994 tayari walikuwa na DEU, kihariri kilichoandikwa na wapenzi wa gemu. Miaka miwili baadaye id walinunua ramani za wachezaji na kuziuza madukani kwa jina la Final Doom. Nusu ya kazi hiyo ilikuwa ya ndugu wawili, Dario na Milo Casali. Dario akaajiriwa na kampuni ya Valve, akawa mmoja wa waliojenga Half-Life. Tim Willits, aliyekuja kuiongoza studio ya id, aliingia humo kwa sifa ya ramani za Doom alizotengeneza nyumbani kwake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ben Morris. Huyu alikuwa mpenzi wa gemu ya Quake tu, akaandika kihariri chake cha ramani akakiita Worldcraft. Valve wakakinunua, wakamwajiri na yeye, na kwa chombo hicho wakaijenga Half-Life ya 1998, gemu ambayo wachambuzi wengi huihesabu kuwa kilele cha risasi za kisayansi za karne iliyopita. Chombo cha mafundi kilitoka kwa mtu ambaye, kwa kanuni ya wapinzani wangu, alipaswa kunyamaza na kucheza.

Sasa takataka. Nakubali, zitakuwepo, tena kwa malori. Aliyewahi kupekua ramani za Doom za miaka ya tisini anajua kwamba nyingi ni chumba kimoja kikubwa kilichosongwa na majini, mlango usiofunguka, na jina la mtengenezaji limeandikwa ukutani kwa herufi zilizopinda. Lakini hoja ya takataka ingekuwa na nguvu kama mchezaji angelazimishwa kuzila zote. Hakuna anayelazimishwa. Jamii ya Doom imekuwa ikitoa tuzo za Cacowards kila mwaka tangu 2004, na anayetaka kilicho bora anajua pa kukipata. Machi 2023, miaka karibu thelathini baada ya gemu yenyewe, mchezaji mmoja alitoa MyHouse.wad, ramani inayoanza kama nyumba ya kawaida kisha inaanza kumdanganya anayeitembea: vyumba vinabadilika ukigeuza kisogo. Ikazungumzwa na watu ambao hawajawahi kucheza Doom. Hakuna ofisi ambayo ingeidhinisha kitu cha namna hiyo. Pesa ya kampuni haiwezi kuhatarishwa kwa mzaha wa mtu mmoja, na mizaha kama hiyo ndiyo mara nyingine huzaa jambo jipya.

Halafu kuna suala la mahali mawazo ya kampuni yanakotoka. Katika Halo 2 ya mwaka 2004, ambayo pia ni ya Bungie, wachezaji walibuni mchezo wa mazombi ambao gemu yenyewe haikuufahamu. Waliucheza kwa uaminifu. Ukiuawa na zombi, ulikuwa unabadilisha timu mwenyewe, kwa kubonyeza, bila kulazimishwa na kanuni yoyote ya programu. Fikiria maelfu ya watu wasiojuana wakiheshimu sheria ambayo kompyuta haiijui. Bungie walitazama, na Halo 3 ilipotoka Septemba 2007 ilikuwa na Infection kama mchezo rasmi. Gemu hiyohiyo ilikuja na Forge mpya, na Forge ile ilikuwa kitu duni kwelikweli: ulichoruhusiwa ni kuhamisha silaha, magari na masanduku ndani ya ramani iliyo tayari. Wachezaji wakayapanga masanduku hayo yakawa kuta. Kutoka kwenye udhaifu huo ikapatikana Grifball, mchezo wa kugombea bomu kwa nyundo na panga, nao Bungie wakauingiza kwenye orodha yao rasmi ya mechi.

Wanaosema mchezaji hana cha kuifundisha Bungie hawajui Bungie ilisomea wapi.

Hoja ya ngawira ina ushahidi mzito zaidi, na sitaki kuukwepa. Destiny 2 ni gemu ya kukusanya. Mtu anapiga misheni ili apate bunduki bora, ili apige misheni ngumu zaidi, ili apate nyingine. Ukimpa mtu uwezo wa kutunga misheni, atatunga ya kumwagia zawadi: maadui mia wamesimama wima kwenye uchochoro, na kila mmoja ana sanduku. Hili limewahi kutokea. Aprili 2009 gemu ya City of Heroes ilifungua Mission Architect, iliyowapa wachezaji uwezo wa kutunga misheni zinazolipa pointi za uzoefu kamili. Haikuchukua muda kabla ya mashamba ya pointi kutapakaa, na watengenezaji wakaingia katika kazi ya kufukuzana na wajanja.

Lakini tuisome habari hiyo hadi mwisho. Kosa la Mission Architect lilikuwa kulipa. Forge ya Halo haikuwa ikimgawia mtu bunduki za kudumu kwa kucheza ramani ya jirani. Kihariri cha mafumbo cha Portal 2, kilichoongezwa Mei 2012, hakikumlipa mchezaji chochote zaidi ya fumbo lenyewe, na watu waliyatengeneza na kuyafumbua kwa wingi. Weka ukuta kati ya misheni za wachezaji na ghala la ngawira, na mwizi hatakuwa na cha kuiba.

Tena tusijifanye kwamba bila kihariri ngawira iko salama. Destiny ya kwanza ilikuwa na majuma machache tu madukani, Septemba 2014, wachezaji walipogundua pango katika eneo la Cosmodrome ambako maadui walizaliwa haraka kupita kiasi. Wakawa wanasimama mbali, bunduki zimeelekezwa kwenye tundu moja lenye giza, wanafyatua kwa masaa, kisha wanakimbilia ndani kuokota. Pango hilo, pamoja na mwendo wa maadui wake, lilikuwa kazi ya mafundi wa Bungie wanaolipwa mshahara, na Bungie ndio waliolazimika kuliziba. Mwanya huzaliwa popote zawadi inapokutana na hesabu. Haumsubiri mchezaji apewe kihariri.

Kuhusu seva na usalama sina mengi. Wengi huchanganya kihariri cha misheni na kumkabidhi mtu msimbo wa gemu. Misheni, ukiivua hadithi na muziki, ni orodha: mahali hapa, maadui wa aina hii, idadi hii, watokee mchezaji akivuka mstari huu, wakiisha, fungua mlango ule. Kuta, sura za maadui, sauti za bunduki, vyote vimeshakaa kwenye mashine ya mchezaji. Kinachosafiri ni maelekezo tu, na faili la maelekezo ni dogo mno likilinganishwa na nyongeza za gemu zinazopimwa kwa gigabaiti. Sisi tunaonunua bando Dar es Salaam au Kampala tunaielewa tofauti hiyo vizuri kuliko anayeishi penye intaneti isiyopimwa. Misheni mpya ya mchezaji ingenigharimu kiasi cha picha ya WhatsApp. Msimu mpya wa kampuni unaweza kunimalizia bando la mwezi.

Nije sasa kwenye hoja yenye meno. Star Trek Online, gemu ya Cryptic Studios, ilikuwa na kihariri cha Foundry tangu 2011. Wachezaji waliandika humo hadithi kamili zenye mazungumzo na njia za kuchagua, na Cryptic walikuwa wakizipandisha jukwaani zile bora. Tarehe 11 Aprili 2019 Foundry ikafungwa, pamoja na ile ya Neverwinter, gemu nyingine ya kampuni hiyo. Sababu iliyotolewa ni kwamba kila badiliko la gemu lililazimisha matengenezo ya Foundry, na utaalamu wa kuyafanya ulikuwa umepungua ndani ya studio. Wapinzani huliweka hili mezani kisha wanakunja mikono: si mnaona?

Naona, lakini ninachokiona ni kingine. Foundry ilikuwa chombo cha pembeni, kilichotengenezwa kwa ajili ya wachezaji, ilhali watunzi wa Cryptic walitumia vyao. Chombo ambacho mwajiriwa hakigusi hufa pole pole, kwa sababu kikiharibika hakuna kazi ya ofisi inayosimama. Forge na Anvil za 1996 hazikuwa hivyo, wala Worldcraft: mfanyakazi na mchezaji walishika kitu kimoja, kikivunjika kwa huyu kimevunjika kwa yule, na kinatengenezwa siku hiyohiyo. Kosa la pili la Cryptic lilikuwa kuzifungia kazi zote ndani ya seva zao. Foundry ilipozimwa, hadithi za miaka minane zilizimwa nayo. Hayo ni makosa ya usanifu na yanaepukika. Kuyafanya hukumu ya milele dhidi ya wazo zima ni uvivu.

Hapo ndipo wanaponikumbusha vyombo vya Bungie wenyewe. Oktoba 2015 mwandishi Jason Schreier, wakati huo wa Kotaku, aliripoti kwamba wabunifu wa Destiny walikuwa wakiteseka na programu zao za ndani. Aliyetaka kusogeza kitu inchi chache ndani ya ramani alilazimika kuiacha ipakie usiku kucha, muda wa saa nane hivi, na asubuhi angoje dakika nyingine ishirini ili ifunguke. Kama waajiriwa wanateseka hivyo, wananiuliza, mchezaji wa kawaida atafika wapi?

Kwanza, mateso yale yalikuwa ya ramani. Kihariri cha misheni hakisogezi ukuta wala hakihesabu upya mwanga. Pili, habari hiyo inaiunga mkono hoja yangu. Kampuni ambayo mtunzi wake hapati kuona alichokitunga mpaka kesho yake ina njaa ya chombo chepesi kuliko mchezaji yeyote. Chombo ambacho kijana wa Mwanza angeweza kukishika jioni moja akatoa misheni inayochezeka, kingemwezesha mtunzi wa Bellevue kujaribu mawazo kumi kabla ya chakula cha mchana, na tisa mabaya kuyatupa.

Halafu tuzungumze kuhusu kitu ambacho watetezi wa hali ilivyo hawapendi kukigusa. Novemba 2020 Bungie waliondoa sehemu kubwa ya Destiny 2 kutoka kwenye gemu. Mars, Mercury, Titan, Io na meli ya Leviathan viliwekwa kwenye kile walichokiita hifadhi. Red War, hadithi iliyouzwa kama gemu yenyewe mwaka 2017, ikaenda navyo. Februari 2022 ikafuata Forsaken, nyongeza ambayo watu walikuwa wameinunua kwa pesa zao. Sababu zilikuwa ukubwa wa gemu na ugumu wa kuitunza. Baadaye mwaka huohuo Bungie wakasema hawataondoa nyongeza nyingine, lakini zilizoondoka zimeondoka. Mchezaji wa Destiny 2 ni mpangaji: amelipa, amepaka rangi, amealika wageni, na siku moja anakuta chumba kimezibwa kwa matofali.

Kichekesho chake kikaja mahakamani. Mwaka 2024 mwandishi mmoja aliishitaki Bungie huko Louisiana akidai kwamba Red War ilichukuliwa kutoka kwenye hadithi yake. Sijui kama madai yake yana msingi, na hapa hayanihusu. Kinachonihusu ni kwamba Bungie, wakiomba kesi itupwe, hawakuweza kuileta Red War mbele ya hakimu ili itazamwe. Walipeleka video za YouTube na kurasa zilizoandikwa na mashabiki, wakieleza kwamba hadithi hiyo haiwezi tena kuendeshwa. Mwaka 2025 hakimu akakataa kuitupa kesi. Kampuni yenye mafundi wote hao imeshindwa kuionyesha gemu yake ya 2017, ilhali gemu yake ya 1994 inachezwa kila siku, bure, kwa sababu wachezaji walipewa vifaa vyake. Anayeniambia kwamba kihariri ni hatari kwa uhai wa gemu naomba aitazame tofauti ya hizo mbili kisha anieleze ipi iko hatarini.

Soko? Half-Life iliendelea kununuliwa miaka mingi kwa sababu ya Counter-Strike, modi, yaani gemu iliyogeuzwa na wachezaji, ya mwaka 1999 ya Minh Le na Jess Cliffe, ambao Valve waliwachukua. Gemu ya kijeshi ya Arma 2 ilipanda juu ya orodha za mauzo mwaka 2012, ikiwa na umri wa miaka mitatu, kwa sababu ya modi ya DayZ. Katika ukoo huohuo wa modi ndimo Brendan Greene alimotengeneza mchezo wa kubaki wa mwisho uwanjani, uliokuja kuwa PUBG mwaka 2017. Kila kijana anayeshika simu na kushuka kwa parachuti kwenye kisiwa, Mombasa au Bujumbura, anacheza wazo lililopikwa na mchezaji ndani ya gemu ya watu wengine. Hivyo viwanda vinavyoogopa kuporwa soko vinaishi juu ya masoko yaliyozaliwa hivyo.

Na tusidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu ya kampuni ya Maleo iliyotoka 2017, inaruhusu mchezaji kuingiza basi lake na rangi zake. Vijana wa Tanzania na Kenya wameyajaza humo mabasi ya njia zetu, mpaka maandishi ya ubavuni, kwa kutumia kompyuta za kuazima na mafunzo ya kuungaunga. Si gemu ya risasi, najua. Nimeitaja kwa sababu ukiwauliza wachambuzi wa soko kama kuna watunzi wa gemu katika miji yetu watakujibu hakuna, huku watunzi hao wakishindana barabarani, basi kwa basi.

Imebaki hoja moja inayotoka upande wa haki, na ndiyo pekee inayoninyima usingizi kidogo. Kwamba kihariri ni ujanja wa kupata kazi ya bure. Kampuni inafukuza watunzi wake, mashabiki wanajaza pengo kwa mapenzi, faida inakwenda juu. Bungie, ambayo Sony waliinunua mwaka 2022 kwa dola bilioni 3.6, iliwaondoa watu 220 Julai 2024, wiki nane tu baada ya The Final Shape, nyongeza iliyosifiwa kuliko zote. Nani asiyeingiwa na shaka?

Woga huo una sababu, na historia ya malipo ya modi si nzuri. Aprili 2015 Valve na Bethesda walijaribu kuuza modi za gemu ya Skyrim huku mtengenezaji akibakiwa na asilimia 25. Mradi ulikufa ndani ya siku chache kwa hasira za wachezaji. Januari 2020 Blizzard walipoitoa upya Warcraft III waliweka masharti kwamba gemu zinazotungwa na wachezaji ndani yake ni mali ya Blizzard, wakikumbuka kwa uchungu jinsi DotA, modi iliyozaliwa ndani ya gemu hiyo, ilivyowaponyoka. Lakini watu 220 wa Bungie waliondolewa bila kuwepo kihariri chochote cha kuwabadili. Kuwanyima wachezaji hakukumlinda hata mmoja wao. Na kazi ya watu wa nje imeshaingia ndani ya kampuni bila mkataba: Mei 2025 Bungie walikiri kwamba michoro ya msanii mmoja wa kujitegemea ilikuwa imetumika ndani ya gemu yao mpya ya Marathon bila ruhusa yake. Kwa mtunzi wa nje, hatari iko pale pasipo utaratibu. Kihariri chenye masharti yaliyoandikwa kinampa angalau karatasi ya kushika.

Kwa hiyo masharti yenyewe nayasema. Misheni ibaki mali ya aliyeitunga, kampuni ipewe haki ya kuiendesha na kuionyesha, basi. Jina la mtunzi lionekane mwanzoni, kwenye skrini, kabla ya risasi ya kwanza. Misheni za wachezaji zisitoe bunduki wala vifaa vya nguvu, labda rangi za mavazi kwa zile zilizopandishwa rasmi. Kampuni ikitaka kuiuza misheni ya mtu, mkataba uandikwe na asilimia ijadiliwe. Epic, ambao si malaika, tangu Machi 2023 wametenga asilimia 40 ya mapato halisi ya Fortnite kwa ajili ya wenye visiwa, yaani ramani zinazotungwa ndani ya gemu hiyo, ingawa visiwa vya Epic wenyewe vinakula kwenye fungu hilohilo. Faili la misheni liweze kuhifadhiwa kwenye kompyuta ya mtunzi, ili seva zikizimwa kazi isizikwe nazo. Na kihariri kiwe kilekile wanachokitumia wafanyakazi, kikiwa kimepunguzwa vitufe tu.

Kwamba gemu ya damu hiyohiyo inaweza, tumeshaona. Halo Infinite, iliyotengenezwa na warithi wa Bungie ndani ya Microsoft, iliongeza mwaka 2023 uwezo wa kuwaweka maadui wa hadithi ndani ya Forge, na wachezaji wakaanza kujenga misheni za kupigana dhidi ya kompyuta. Bungie kwa upande wao walitoa Portal Julai 2025, ambapo mchezaji wa Destiny 2 anachagua masharti ya kuifanya misheni ya zamani iwe ngumu au nyepesi, na zawadi zinapanda au kushuka kwa kadiri hiyo. Wamemruhusu kuongeza chumvi kwenye chakula ambacho bado haruhusiwi kukipika, tena wakaifunga chumvi hiyo kwenye ngawira, kitu pekee kilichopaswa kuachwa nje.

Wapo watakaosema muda umepita, gemu imezeeka, timu imepungua, kihariri kilipaswa kuja 2018. Marathon 2 ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya minne msimbo wake ulipoachiwa, na watengenezaji wake walikuwa wameshahamia kwenye Halo. Timu ndogo na gemu inayozeeka ndiyo mazingira ambamo Bungie walifanya uamuzi wao wa busara kuliko yote. Tofauti ni kwamba mwaka 2000 ilitosha wao wenyewe kukubaliana. Leo itabidi Sony waseme ndiyo, na wachezaji wanaotumia nguvu zao kunibishia mimi wangezielekeza huko.